Pwani ya Zanzibar wakati wa masika: namna ya kupanga safari wageni wakiwa hawapo

Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Mei, vijiji vya pwani ya Unguja vinavyoishi kwa utalii hupoa. Shule za kaiti za Paje, zinazofundisha kuteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara, hufungwa kwa sababu upepo wa kaskazi umekwisha na kusi bado haijashika. Hoteli nyingine hufunga kabisa ili zipakwe rangi na kuezekwa upya. Bei hushuka, na hapo ndipo wengi hukosea: huangalia bei ya chumba peke yake, halafu wanafika na kukuta jiko halipiki, godoro lina ukungu, bwawa limegeuka kijani na bahari imetoka kilomita nzima mbele yao.

Safari ya masika inapangika, na kwa mtu anayependa utulivu haina mfano. Lakini ipange kwa mambo mawili kwanza: kitu gani kinafanya kazi kule unakokwenda, na maji yanajaa saa ngapi. Bei ifuate baada ya hayo.

Chagua wiki kabla ya kuchagua hoteli

Masika si kipindi kimoja. Mwisho wa Machi kuna joto zito lisilo na upepo, na mvua huja kwa kushtukiza. Aprili na mwanzo wa Mei ndiyo mvua yenyewe. Wiki mbili za mwisho wa Mei ndizo tunazozipendekeza kuliko zote: kusi imeanza kuvuma, hewa imepoa, mvua inakatika, na hoteli nyingi bado zinatoza bei ya masika kwa sababu hubadilisha bei Juni au Julai.

Ndani ya msimu huohuo kuna siku ambazo pwani hujaa ghafla. Pasaka ni mojawapo. Nyingine ni Karume Day tarehe 7 Aprili, Muungano tarehe 26 Aprili na Mei Mosi, hasa zikiangukia karibu na Jumamosi na Jumapili. Watu wa Dar es Salaam huvuka kwa wingi na bei hupanda kwa siku mbili tatu. Angalia na kalenda ya Kiislamu. Ramadhani husogea nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, na mwezi huo migahawa ya vijijini haipiki mchana. Kula hadharani ni kosa, kwa hiyo utategemea jiko la hoteli tu.

Upande gani wa kisiwa

Hili lina uzito kuliko nyota za hoteli. Pwani ya mashariki, yaani Matemwe, Kiwengwa, Bwejuu, Paje na Jambiani, inaelekea bahari kuu, na mbele yake kuna mwamba unaokinga mawimbi. Kati ya mwamba na mchanga ni ziwa la maji mafupi ambalo maji yakipwa hubaki tope, mchanga na madimbwi. Kusi ikianza, upande huu ndio unaopigwa, na majani ya bahari hutupwa ufukweni kwa mafungu.

Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi ni habari nyingine. Huko maji yana kina karibu na ufukwe, unaoga saa yoyote, na kusi ikivuma kisiwa chenyewe kinakukinga. Mwenye watoto, au mtu ambaye safari kwake ni kuoga baharini, aende Kendwa. Anayetaka kutembea ufukwe mrefu usio na mtu, kula chakula cha kijijini na kulala mapema, Jambiani ndiyo yake. Michamvi Kae iko katikati ya hayo mawili: ni mashariki kwa ramani, lakini inaelekea ghuba ya Chwaka upande wa magharibi, kwa hiyo ina utulivu na unaliona jua likizama. Tatizo la Kae ni kwamba hoteli ni chache, na mbili zikifunga utakuwa na sehemu moja ya kula.

Nungwi ina shida yake wakati wa mvua: njia za ndani ya kijiji hutuama maji. Nyumba ya bei nafuu iliyo mita mia nne kutoka baharini inaweza kukulazimisha kuvuka dimbwi la magoti kila unapotoka. Uliza hilo waziwazi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutuma pesa

Piga simu, usiandike tu. Ujumbe hujibiwa na mtu aliye mjini au nje ya nchi ambaye hajafika hotelini wiki tatu. Simu ya mapokezi hupokewa na mtu aliyepo. Uliza kwa utaratibu huu:

1. Jiko linapika chakula cha mchana na cha usiku, au chai ya asubuhi tu? Usiku wa mwisho wa kupika ni lini?
2. Kuna ujenzi au ukarabati wowote, hapo au kwa jirani? Msumeno wa jirani saa moja asubuhi unakuhusu kama wa hotelini.
3. Mna jenereta? Inawashwa saa ngapi, na inabeba viyoyozi au taa na feni tu?
4. Maji ya bombani ni ya chumvi au matamu? Visima vingi vya mashariki vina chumvi.
5. Bwawa linatiwa dawa wakati huu?
6. Usiku ule niliouchagua kutakuwa na wageni wangapi, na mlinzi analala hapo?

Swali la sita watu huona aibu kuliuliza. Uliza tu. Kuwa mgeni peke yako katika hoteli ya vyumba ishirini ni raha kwa wengine na ni wasiwasi kwa wengine, na afadhali ujue kabla.

Ukikodi nyumba nzima, ongeza moja: umeme wa tukuza, yaani wa mita ya kulipia kabla, analipa nani, na salio la sasa ni yuniti ngapi? Kiyoyozi kimoja kikiwaka usiku kucha hula yuniti nyingi, na wenye nyumba wengine hukuachia mita inayokaribia sifuri. Weka kumbukumbu ya namba ya mita kwenye simu yako, ili ukiishiwa saa tano usiku uweze kujinunulia mwenyewe.

Mwombe akutumie video fupi iliyopigwa leo, ikionyesha chumba, choo na ufukwe. Picha za mtandaoni zimepigwa Januari, tena pengine miaka mitano iliyopita. Anayekataa video ya nusu dakika, mwache. Usitume pesa yote: usiku mmoja au robo ya jumla inatosha kushikilia chumba wakati ambao vyumba viko tupu, na itumwe kwa lipa namba yenye jina la biashara ulilolisikia, isiwe namba binafsi ya mtu usiyemjua.

Kuhusu bei

Punguzo la theluthi moja hadi nusu ni la kawaida katika miezi hii, lakini halitangazwi lote. Tuseme chumba kinatajwa shilingi 150,000. Ukiomba kishushwe hadi 80,000 kwa usiku mmoja, utaambiwa hapana. Ukisema utakaa usiku nne kwa 95,000 pamoja na chai, na chumba kiwe cha juu kinachoona bahari, una nafasi nzuri zaidi. Mwenye hoteli anachotafuta masika ni usiku mwingi mfululizo, ili mpishi na mfua nguo wawe na kazi ya kuwaleta.

Omba utajiwe kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutangazwa kwa fedha za kigeni. Uliza pia kama bei hiyo ina VAT na tozo ya miundombinu ya kila usiku, maana vinginevyo utaiona siku ya kuondoka. Kama una kitambulisho cha taifa au cha Mzanzibari mkaazi, sema mapema. Hoteli nyingi zina bei ya wenyeji lakini haziitaji mpaka iulizwe.

Tunasema hivi kwa uzito: bishana bei na hoteli, usibishane na mwenye ngalawa, dereva wa bajaji au mama anayekupikia. Miezi hii wafanyakazi wengi wa pwani hurudishwa nyumbani mpaka Juni. Shilingi elfu mbili utakayomshushia mwenye bodaboda haikuongezei kitu, na kwake ni kitoweo cha nyumba.

Ukifika, kagua chumba kabla ya kufungua begi

Chumba kilichofungwa wiki mbili wakati wa masika kina unyevu. Hilo si uzembe wa mtu; hewa ya pwani miezi hii imebeba maji, na godoro hufyonza. Swali ni kama kinafaa kulaliwa.

Funua shuka kwenye kona ya godoro iliyo karibu na ukuta wa nje, kwa sababu ndiko unyevu unakoanzia. Bandika kiganja, kandamiza kwa sekunde kumi, kisha kinuse. Ubaridi mdogo hauna neno, feni ya saa mbili itaukausha. Harufu ya stoo au vidoa vyeusi kwenye mshono maana yake ni ukungu ulioingia ndani, na huo hautoki kwa feni wala kwa shuka safi. Mwenye pumu asilale hapo hata usiku mmoja.

Kisha tazama juu. Paa la makuti likivuja, maji yanayodondoka huwa na rangi ya chai, kwa hiyo kabla hujaangalia paa, angalia sehemu ya juu ya chandarua: madoa ya kahawia yanakuonyesha matone yanaangukia wapi. Yakiwa juu ya mto, omba kitanda kisogezwe au ubadilishiwe chumba hapohapo. Mchana wa jua simama katikati ya chumba na uzime taa. Ukiona vitundu vya mwanga kwenye makuti, usiku wa mvua utalala na ndoo.

Washa kiyoyozi na ukiache dakika kumi. Harufu ya mwanzo hupotea. Isipopotea, chujio lina uchafu na liombewe kusafishwa. Fungulia bomba na usugue sabuni: isipotoa povu, maji ni ya chumvi, na utahitaji galoni la maji matamu la kujisuuzia. Weka mkono kwenye chandarua ukitafute kitundu. Mbu huongezeka baada ya mvua, na hata kama malaria Zanzibar imeshuka sana, mbu wa mchana nao huleta homa zao, basi jipake dawa hata saa za jua.

Kama vyumba ni vingi na wewe ndiye mgeni pekee, omba cha ghorofani chenye madirisha pande mbili. Cha chini kikiwa kizuri namna gani, masika huwa na unyevu zaidi.

Maji kujaa na kupwa

Huhitaji programu yoyote kwenye simu, ingawa jedwali la maji la bandari ya Zanzibar linasaidia. Unahitaji kujua mwezi wa angani ni wa siku ngapi tangu uandame. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana na kutoka sana, tofauti ikifika hata mita nne. Siku za bamvua Zanzibar, maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hujaa karibu na saa kumi, jioni na alfajiri. Kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika hamsini. Mwezi 15 maji yakipwa saa nne na robo asubuhi, mwezi 16 yatapwa karibu saa tano na dakika tano, mwezi 17 karibu saa sita kasoro dakika tano.

Baada ya wiki moja, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Mwendo wake ni mdogo, na maji hujaa karibu saa nne au saa tano asubuhi. Hata yakitoka mchana, hayatoki mbali.

Kwa wanaokwenda mashariki wakati wa masika, tunaona wiki ya bamvua ndiyo nzuri. Mvua ya pwani mara nyingi hupiga usiku na asubuhi, kisha hupungua. Asubuhi maji yametoka, unatembea juu ya mchanga. Kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili jioni maji yapo, unaoga. Anayeoga asubuhi tu achague maji mafu.

Kutembea mpaka kwenye mwamba kuna kanuni ambayo wageni wengi, hata wa mjini, hawaijui. Toka ufukweni saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, na yakishapwa uwe tayari umegeuka. Maji yakianza kujaa hayaji kutoka mbele yako kwa mstari mmoja. Hupita kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako, karibu na ufukwe, kwa hiyo pale ulipopita maji ya kifundo cha mguu unakuta ya kiuno yanayovuta. Wingu zito likifunika upande wa bahari, rudi hata kama saa haijafika. Mvua kubwa ikishuka huuoni ufukwe. Radi ikilia, toka majini.

Vaa yeboyebo au viatu vya raba vyenye soli ngumu. Kandambili huchomoka. Ukikanyaga wale wanyama weusi wa baharini wenye miiba mirefu, usiukune wala kuupondaponda mguu. Toa miiba inayoshikika, kisha uloweke kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia, nusu saa hadi saa moja na nusu. Uliovunjikia ndani karibu na kiungo ukaonwe hospitali. Kwa Paje na Jambiani kuna hospitali Makunduchi, kwa Nungwi na Kendwa kuna Kivunge.

Utayakuta mashamba ya mwani kuanzia Bwejuu mpaka Jambiani: vigingi vifupi na kamba zilizofungwa vishada. Kilimo hiki kilianza kibiashara mwaka 1989 na wanaokifanya wengi ni wanawake. Pita pembeni ya vigingi, usiruke kamba. Masika ni miezi migumu kwao, kwa sababu mwani uliovunwa huhitaji jua kukauka na mvua moja ikiukuta umetandazwa huuharibu. Ukiwakuta wanaukusanya kwa haraka na wingu linakuja, salimia, saidia kubeba kama unakubaliwa, na picha iombwe kwanza.

Boti ni jambo la kutazama kwa makini. Fuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kila jioni. Ikitolewa tahadhari ya upepo mkali au mawimbi makubwa, futa safari ya kisiwa cha Mnemba au ya pomboo wa Kizimkazi bila kuijadili. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika mpaka Mafia na boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa, kwa hiyo msimu huu haukosi hatari. Siku ya shwari, ondoka mapema asubuhi, na kabla hujapanda hesabu jaketi za kuokolea: moja kwa kila kichwa, mikanda yake ikifunga. Nahodha akisema leo hapana, usimtafute mwingine atakayesema ndiyo.

Kula

Mikahawa ya ufukweni iliyobaki wazi huwa na menyu ndefu na jiko lenye vitu vinne. Usisome menyu, uliza: "Leo mna nini?" Samaki wa siku hiyo ni wa uhakika kuliko kamba au kamba kochi waliokaa kwenye friza tangu Februari, tena umeme ukikatika mara kwa mara. Siku mbili baada ya bahari kuchafuka wavuvi hawatoki, na samaki utakayepewa atakuwa wa barafu. Siku hizo kula maharage ya nazi na chapati kwa amani.

Njia bora ni kuagizia. Asubuhi, wakati wa chai na maandazi, mwambie mama wa mgahawa wa kijijini mtakula watu wangapi na saa ngapi, na mwachie nusu ya pesa ya sokoni. Msimu huu hapiki akiba ya watu wasiokuja, kwa hiyo ukitokea saa nane bila kusema utakuta sufuria zimeoshwa. Kwa pweza, hesabu kilo moja mbichi kwa watu wawili, maana akichemshwa hupungua karibu nusu. Mpe muda wa saa mbili kabla ya kula. Pweza aliyeharakishwa hatafuniki.

Ukitaka kununua mwenyewe, nenda mnadani Nungwi wavuvi wanaporudi. Macho yawe yametuna na yanang'aa, mashavu mekundu, nyama irudi ukiibonyeza kwa kidole. Mwombe mtu wa hapo akunadie. Dalali anapiga bei kwa kasi, na mgeni huongeza pale ambapo hakuna aliyemshinda.

Usafiri

Daladala 116 huenda Nungwi, 117 Kiwengwa, 118 Matemwe, 309 Jambiani, 324 Bwejuu kupitia Paje, 326 Kizimkazi. Vituo vya mjini vimehamishwa baada ya ujenzi wa Darajani, basi taja namba unayoitaka na utaelekezwa. Kwa Kendwa shuka njiapanda kabla ya Nungwi, kisha ni kama kilomita mbili kwa mguu au bodaboda. Kwa gari binafsi ni takribani saa moja kwenda Paje au Nungwi. Kwa daladala hesabu saa moja na nusu hadi mbili, na masika zaidi, kwa sababu gari haliondoki mpaka lijae na abiria ni wachache. Kurudi mjini usitegemee gari baada ya magharibi.

Begi likiwekwa juu ya gari hulowa. Funga nguo ndani ya mfuko usiopitisha maji kabla ya kuzitia kwenye begi, usiutegemee mkeka wa konda. Mifuko laini ya plastiki imepigwa marufuku visiwani na Bara, kwa hiyo njoo na mfuko wa turubai.

Ukikodi pikipiki, jaribu breki ya mbele na ya nyuma, taa zote, na kina cha meno ya tairi, kisha piga picha mikwaruzo iliyopo. Lami inayopita msitu wa Jozani hubaki na majani mabichi baada ya mvua na huteleza. Matuta ya pale yamewekwa kwa ajili ya kima punju wanaovuka, nenda polepole.

Toa pesa taslimu mjini. Mashine za pwani ni chache, na siku umeme ukisumbua hazitoi.

Siku inayonyesha kutwa

Zitakuwepo. Jozani inafaa zaidi kuliko watu wanavyodhani: nenda mara mvua inapoachia, kima punju hushuka kwenye vichaka karibu na mlango kutafuta majani machanga. Vaa suruali ndefu, na kwenye njia ya mbao ya mikokoni tembea katikati, mbao za pembeni zina utelezi. Ukiwa kusini, pita Kizimkazi Dimbani uone msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Vaa stara, vua viatu, uliza mlinzi kabla ya kuingia.

Nungwi wapo mafundi wa majahazi. Mvua ikinyesha hawatii kalafati, kwa sababu pamba iliyolowekwa mafuta inayopigwa kwenye maungio ya mbao haishiki kwenye mbao zilizolowa. Basi hukaa chini ya kivuli wakichonga vipande, na huo ndio wakati wa kuwasalimia na kuwauliza kazi yao. Siku ya jua hawana nafasi hiyo. Anayetaka kupiga picha anunue na kahawa.

Watu na mavazi

Papasi, yaani vijana wanaowaandama wageni kuwauzia safari na vitu, ni wachache masika, lakini waliopo wana shida zaidi, kwa hiyo hushikilia. Jibu salamu kwanza, kisha sema kwa upole "Sitaki leo, ahsante," na usimpe ahadi ya kesho usiyoikusudia, atakungoja kweli. Ukitaka mtembezaji, omba kuona kitambulisho chake cha Kamisheni ya Utalii.

Nguo za kuogelea ni za mchangani. Ukiingia kijijini, hata kununua maji dukani, funga kanga au vaa shati na suruali inayofunika magoti. Wakati wa masika wewe ndiye mgeni pekee njiani na kila mtu anakuona, na ukianza kwa "Shikamoo" kwa wazee utashangaa jinsi mambo yanavyokurahisikia, kuanzia samaki mpaka bajaji ya usiku.

Kurudi

Usipange boti ya mwisho siku ileile yenye ndege au mtihani. Acha usiku mmoja mjini katikati, maana bahari ikichafuka ratiba hubadilishwa asubuhi hiyohiyo. Chukua boti ya asubuhi, kusi mara nyingi huongezeka mchana. Fika bandarini Malindi saa moja kabla, ukiwa na kitambulisho kilekile ulichokatia tiketi. Mwenye kichefuchefu akae chini, katikati kuelekea nyuma, ambako chombo hakirukiruki sana, na dawa ainywe kabla ya kupanda, si baada ya chombo kutoka.